Nimemwambia Kocha Habari za Goti Lako

Mume wangu mdogo,

Bibi yako bado nipo, ingawa siku hizi pumzi zinakuja kwa kubembelezwa. Mama yako amepaka rangi mlango wa chumba changu, na sasa hata chai inanuka rangi.

Nina jambo la kuungama kabla sijaondoka. Uliniomba, mimi niliyekuwa daktari wa mifupa, nisimwambie mtu kwamba goti lako halijapona. Ulisema timu mbili zimeshakuacha, na hii inayokujaribu Jumamosi ndiyo ya mwisho. Nikakubali. Lakini jana nilimpigia kocha simu nikamwambia yote, maana niliogopa ukiumia tena hutatembea vizuri maisha yako yote.

Alicheka, mtu yule! "Bibi, mimi nilimwona siku ya kwanza tu alipokuja mazoezini. Akigeukia kulia, anauma meno."

"Na bado unamwita?"

"Mbio za winga ndiyo basi tena, asinidanganye. Lakini pasi zile, nani mwingine anazo hapa? Namtaka katikati, atulie, awalishe mipira wenye mbio zao. Ila akinificha maumivu tena, namrudisha kwako."

Nikamwambia sipokei mume aliyerudishwa.

Nikasirikie ukitaka, lakini ukasirike ukiwa njiani kwenda uwanjani. Jumamosi lifunge goti bandeji mbele ya watu wote. Mpira ukija usikimbie nao. Inua kichwa, mtafute mwenzako, umpe.

Mkeo mzee,
Bibi