Mkwe Aliyeshinda na Njaa Bologna

Hyattsville, Maryland
Tarehe 14 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Anysie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka kila jioni, au umeiweka kabatini ionwe na wageni? Mimi mzima, ila baridi imeanza kubisha mlango. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tumepungua, nawaogesha wazee tisa peke yangu. Namshukuru Mungu, mgongo bado wangu.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu watoto wote wa nyumba yako wanasikiliza, na jambo hili ni la karatasi. Nimempa Mama Tania, jirani yangu anayekuja Bujumbura, akutie mkononi.

Yaya, nimefika Italia. Mimi, niliyeacha shule darasa la tano! Binti yetu Keza, unajua alichaguliwa kwenda kusoma mwaka mzima Bologna, mambo ya afya ya jamii. Mwaka ulipokaribia kwisha alinitumia tiketi nikamwone kabla hajarudi. Ndivyo nilivyofikiri: kabla hajarudi.

Jumamosi akasema leo ni siku ya kutembea tu, hakuna haraka. Nikavaa liputa, kile kitenge cha maua ya bluu nilichovaa kwenye harusi ya mwanao Elie, na kilemba juu. Wazungu walinipiga picha kuliko minara yao. Akaja kijana mmoja, Onesphore, Mrundi wa Rumonge, fundi wa mashine za hospitali. Keza alisema ni rafiki anayeujua mji. Nikadhani ni mtu wa kutembeza wageni, nikampa mfuko wangu abebe.

Mji wenyewe, barabara zake zina baraza zenye paa kila upande. Unaweza kuzunguka kutwa mvua ikinyesha na kilemba kisilowe. Kuna minara miwili mirefu, mmoja umeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Kanisa kubwa la uwanjani wamelivika marumaru mpaka kiunoni, juu ni matofali matupu. Onesphore alisema ni mamia ya miaka hawajamaliza. Nikamwambia kumbe si kwetu tu. Kuna na sanamu ya mzee aliye uchi juu ya chemchemi. Hapo niliangalia viatu vyangu.

Mchana tuliingia mahali pa kula. Wakaleta tambi pana na nyama ya kusaga. Nikasukuma sahani katikati tule pamoja kama watu, mhudumu akadhani sikuipenda, akataka kuiondoa. Onesphore hakuagiza chakula. Alikaa upande, anatazama mlango, na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Nikamuuliza kama ni mgonjwa. Akasema ameshiba, mama.

Jioni tulikaa mahali pengine. Wakaleta tambi ndogo zilizofungwa nyama ndani yake, zinaogelea kwenye supu. Onesphore tena ameshiba. Keza akamwambia kwa Kiingereza kwamba anamwaibisha mbele ya mama yake. Mtoto wetu lugha anazo tano, Yaya, hakuna mwingine katika ukoo, lakini hili hakulijua.

Mimi nililielewa kijiko kikiwa mdomoni. Tumbo la kijana lilinguruma mpaka mhudumu akageuka. Mwanaume anayekufa njaa mbele ya mwanamke wa umri wangu na hataki kutafuna machoni pake, huyo si rafiki anayeujua mji. Huyo ni mkwe.

Nilimkumbuka marehemu mumeo, Baba Elie, alivyokuwa akila nyuma ya jiko letu miezi minane, mpaka siku Mama yetu alipomtilia samaki kiganjani kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo ndipo tulipojua amekubaliwa, nawe umeshatoka nyumbani.

Nakuambia wewe tu: nilikula polepole makusudi. Nikaagiza hata kitu kitamu ambacho sikukitaka. Nilisema moyoni, maadam sijampa huyu chakula, Keza bado ni wangu, na atarudi Hyattsville.

Tukatoka kwenda kusubiri basi. Mfuko wangu alikuwa nao yeye tangu asubuhi. Ndani yake mlikuwa na mandazi niliyokaanga alfajiri kwenye jiko la Keza, maana mimi siendi safari bila chakula, ingawa mwenye jiko alinikataza, eti Italia vyakula vimejaa. Kutwa nzima yule kijana alibeba chakula begani na njaa tumboni, na hakufungua.

Nikauchukua mfuko. Nikatoa andazi, nikamwekea kiganjani kwa mkono wangu wa kuume.

“Kula, mwanangu,” nikasema. “Mimi sitazami.”

Alipiga goti palepale barazani. Kisha akanigeuzia mgongo, akala. Alikula matano, Yaya, mgongo kwangu, kama mtu aliyelelewa.

“Mama, ndiyo umekubali?” Keza akauliza. Kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nikamwambia anifunge kilemba vizuri, upepo umekilegeza. Akanifunga.

Keza atabaki huko. Baba wadogo wa Onesphore watakuja kubisha kwako kabla ya Noeli, na mama wa kuwapokea ni wewe. Waeleze vizuri kwamba wanamchukua msomi. Lakini usiwakaze sana kwa mahari, kijana ameshalipa kwa njaa.

Hapa kanisani nimeshatangaza. Mpaka Wheaton, mji wa jirani, wanajua mkwe wangu anatengeneza mashine za hospitali Ulaya. Ila bugali wa mtu mmoja sijajua kuupika. Napika wa wawili kama zamani, nusu inakauka. Kiti cha Keza kinatazamana na changu, kwa hiyo siku hizi nakula nimegeukia dirisha, mgongo mezani, kama mkwe ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nisalimie Elie na mkewe, na Yohan wao mdogo umwambie bibi wa Amerika anauliza kama bado anakojoa kitandani. Mungu akutunzie mguu, na mlango wako usikose wa kuubisha.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Mama Keza