Chumba cha Kupekua

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: zulia la chumba cha watoto hapa maktabani limefika! La kijani. Moja. Mimi na fundi seremala tumelitandika kwa heshima zote za mgeni rasmi. Mgongo wangu haukualikwa lakini ulihudhuria, na mpaka sasa haujaaga.

Rafu zote tumezishusha hadi kimo cha mtoto. Fundi kaniuliza, mama, sasa watu wazima watachukuaje vitabu? Nikamwambia watapiga magoti. "Anza wewe!" Nikaanza. Kunyanyuka ndiyo ikawa kesi.

Jumatano, 5 Machi
Nimechoka. Mkuu wa maktaba kapita, kasema chumba changu cha watoto kinafanana na uwanja wa mpira. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akikuta fujo, chumba kinarudi kuwa stoo. Stoo! Nikamweleza mtoto hujifunza kwa kupekua na kuuliza. "Sawa dada, apekue kimya kimya."

Alhamisi, 6 Machi
Watoto wa shule jirani wamekijaribu chumba. Raha — na kelele! Mmoja kaingia chini ya meza na kitabu cha wadudu, kagoma kutoka. Mwingine kanivuta sketi: "Bibi, konokono ana meno?" Bibi! Nikameza. Tukatafuta pamoja. Anayo, tena maelfu.

Nimefika nyumbani hoi, nikasinzia mezani. Mume wangu: "Mkutubi, mbona leo umefunga mapema?"

Ijumaa, 7 Machi
Tumepita! Mkaguzi kasifu, mkuu kanipa mkono, stoo imekufa. Nyumbani nimesema mambo yalikwenda vizuri, wakanipigia makofi.

Basi hapa niseme yaliyotokea. Kabla mkaguzi hajaingia, nikaiwaza ile stoo. Nikawakusanya watoto: leo mtulie, msiguse kitu, msiniangushe. Wakanitii, maskini. Mikono kifuani, midomo imefungwa, vitabu viko mbele ya pua zao — hata kimoja hakikuguswa. Mkaguzi kasimama mlangoni, kafurahi. "Hii ndiyo nidhamu. Iwe hivi kila siku." Mkuu akaitikia, itakuwa hivi. Na mimi nikaitikia. Kwa sauti.

Walipoondoka nikawaambia watoto: haya, kazi kwenu, pekueni! Msichana mmoja kanyoosha mkono.

"Bibi, tutaruhusiwa lini?"

Sasa, nikamwambia. Sasa hivi!

Wakatazamana. Hakuna aliyeinuka.