Siku Hizi Rejoice Analala

Atlabara, Juba
19 Januari 2025

Dada Goretti,

Zipu ya begi la Rejoice ingali inalia masikioni mwangu. Ilikwama katikati, ukaivuta kwa nguvu, ikatoa sauti ya kitambaa kinachochanika, naye akacheka. Kisha mkaondoka.

Basi, hamjambo huko Gulu? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mimi natembea, nakula, na kazini, kule mtaa wa Thongpiny, wamenirudishia meza yangu. Naandika barua hii kwenye simu kwa sababu tukiongea unalia, nami nabaki kukubembeleza wakati mgonjwa ni mimi.

Daktari wa Kampala amesoma picha niliyopigwa baada ya mionzi. Pale walipokata titi pamepona. Lakini kwenye pafu kuna doa dogo. Nikamuuliza kama saratani imerudi. Akasema labda. Labda pia ni kovu la mionzi tu. Nirudi Aprili wapige tena, waone kama limekua. Hana neno lingine.

Mwambie mwanangu Rejoice nitamfuata Aprili. Mwambie kila jioni. Ana miaka sita, atasahau.

Mdogo wako,
Tisa


Gulu
23 Februari 2025

Mdogo wangu Tisa,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, mgongo wa shemeji yako umetulia. Nisamehe kwa kukawia.

Mtoto yuko vizuri, amenenepa. Mwanzoni alinisumbua sana. "Mama atakuja? Mama atakufa?" Nikisema labda, analia mpaka anatapika. Siku hizi analala.

Nakuomba usipige simu, sauti yako itamvuruga. Nakutumia picha yake akiwa na sare ya shule. Majani ya mstafeli nimempa dereva anayeitwa Lako akuletee. Chemsha unywe, hata kama umesoma.

Dada yako,
Goretti


Atlabara
25 Februari 2025

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi nakohoa kidogo, labda ni vumbi.

Picha nimeitazama mpaka simu ikazimika. Kwa nini mtoto amenyolewa kichwa? Najua utasema ni sheria ya shule za huko. Nilijiambia hivyo pia.

Jana nilipiga, ndiyo, ulinikataza. Akapokea yeye. Nikasema, "Rejoice, ni mama." Simu ikaanguka. Nikamsikia anapiga kelele, "Mama mkubwa! Yule aliyekufa yuko kwenye simu!"

Goretti, umemwambia nini mtoto wangu?

Tisa


Gulu
16 Machi 2025

Tisa,

Natumaini kikohozi kimekuacha.

Nilimwambia umekufa. Tukaomba kanisani, tukamnyoa kama desturi inavyotaka. Akalia siku mbili, ya tatu akaamka akaomba uji.

Wewe una maneno mengi, mimi nilikuwa na mtoto anayetapika kitandani. Mtu mzima anaweza kuishi na labda. Mtoto hawezi. Mama alipofariki tukiwa wakimbizi, watu wazima walituambia yuko hospitali, labda atarudi. Ulimngoja mlangoni mwaka mzima, Tisa. Ni nani aliyekuwa anakubeba kutoka pale mlangoni kila jioni?

Aprili picha ikiwa safi, tutamwambia mtoto kwamba Mungu amekurudisha. Tutafurahi sote. Isipokuwa safi, kilio chake kimeshapita. Ubaya uko wapi?

Usimsumbue tena.

Dada yako,
Goretti


Atlabara
13 Aprili 2025

Dada,

Natumaini mgongo wa shemeji hauumi.

Picha yangu ya pafu nilikuwa nipigwe juzi. Basi la Kampala linapita hapo kwenu, unajua. Nikashuka Gulu, likaendelea na kiti changu kitupu. Doa limekua au halijakua, sijui, na sitarudi kuuliza.

Nilikwenda moja kwa moja shuleni. Mwalimu Kevina akaniuliza mimi ni nani.

"Mama yake Rejoice."

"Mama yake Rejoice tulimwombea darasani. Tafadhali, dada, usimchezee mtoto yatima."

Rejoice alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mwalimu. Nikapiga magoti. Akaja polepole, hakunitazama usoni. Akanipapasa kifua, upande ule uliokatwa, akageuka. "Mwalimu, ni yeye kweli. Hapa hamna kitu."

Kevina akalia, akaniachia mtoto. Nikampandisha basi la kurudi Juba.

Njia nzima alikuwa analia, na aliyekuwa anamlilia ni wewe. Alikataa soda, akatapika mpakani Nimule. Akaniuliza kama nitakufa tena. Nilikuwa nimeapa kumwambia ukweli, nikamwambia sijui. Akaanza kunipiga ngumi, palepale kwenye kovu, akitaka nimpeleke kwa mama mkubwa. Abiria wakanitazama kama mwizi wa watoto.

Basi lilisimama Nesitu, karibu na Juba. Madereva wa malori walikuwa wanakula, wanacheka. Rejoice akaniuliza, kwa sauti ndogo iliyokauka, "Mama mkubwa atakuja kunichukua lini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikamwambia umekufa.

Aliacha kulia papo hapo. Jana asubuhi nilimketisha uani nikamnyoa, nywele zilikuwa zimeanza kuota. Leo ameomba uji.

Ulisema kweli, dada. Analala.

Usipige simu.

Mama yake Rejoice