Jeneza Lenye Jina Langu

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Matete tuko wazima. Nyanyako anakohoa kidogo tu, na mahindi yametoa mbelewele. Umeniuliza kama kuna ubaya kumtumia picha ya kitambulisho mtu wa simu anayekuahidi kazi.

Nikiwa kijana, sote tulitaka kazi kwenye kiwanda cha sukari. Mwanamume niliyezoeana naye sokoni alichukua kipande changu, yaani kitambulisho cha siku hizo, ambacho hakikuwa na picha. Akasema, "Nitakuombea kazi, ndugu." Sikumwona tena.

Baadaye, nikitoka Lubao kuuza ng'ombe, nilisikia vilio nyumbani kwetu. Lori la kiwanda lilikuwa limeleta jeneza lililopigiliwa misumari, na jina langu juu yake. Mtu yule alikuwa ameajiriwa kwa kipande changu, akafia kazini. Mama alinishika uso kwa mikono miwili.

"Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, Mama."

Alilitazama jeneza, akauliza, "Basi huyu ni mtoto wa nani?"

Hakuna aliyejua; hata mimi sokoni nilimwita 'ndugu' tu. Tulimzika karibu na migomba, na Mama akamlilia kwa niaba ya mamake. Mimi nilihangaika sana kwa chifu kuthibitisha kwamba niko hai.

Usimtumie, mjukuu wangu. Kama kazi ipo, nenda ofisini kwao mwenyewe, na urudi na kitambulisho chako.

Huwa ninapalilia kaburi lile. Mpaka leo sijui niandike nini juu yake.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.