Maelezo ya Bibi Aliyeswaga Ng'ombe wa Jirani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Scholastika Nyangi Magesa
Umri: Miaka sabini na kitu
Kazi: Mkulima
Dini: Mkristo
Makazi: Butiama

Nasema mwenyewe, sijalazimishwa. Niliishia darasa la pili lakini macho ninayo, kwa hiyo andika kama ninavyosema.

Mnamo tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani napepeta mtama. Mjukuu wangu Lameck, miaka 23, fundi ujenzi huko Nyasho, alikuwa amerudi kwangu Jumapili. Nimemlea mimi. Tangu arudi halali. Anaongea na babu yake, na babu yake tulishamzika. Hakuwahi kuwa hivyo. Nilimpigia simu mwanangu Burito, yuko Bunda. Akasema, "Mama, mfungie ndani, nitakuja wikiendi." Nikamwambia akafungie mbwa wake. Nikakata.

Saa hiyo ya nne nikamwona Lameck amefungua zizi la jirani yangu Mugeta, anaswaga ng'ombe wote kuelekea barabarani. Nikamuuliza anapeleka wapi. Akasema, "Babu kanituma, ni za mahari." Alinitazama kama mtu mgeni.

Mnaniuliza kwa nini sikupiga yowe. Afande, wewe umezaliwa wapi? Kwetu yowe la ng'ombe likipigwa, wanaume wanatokaga na mapanga na marungu, na wakifika hawaulizi huyu anaumwa nini. Wangemuua mbele yangu, halafu wanipe pole.

Nikaokota fimbo, nikaswaga naye. Yeye mbele, mimi nyuma, ili anayetuona aseme ni bibi na mjukuu wana safari yao. Njiani Rhobi, muuza maandazi, akapaza sauti, "Bibi Nyangi, mnaenda mnadani bila kuaga?"

Nikamjibu, "Nikuage wewe kama nani? Geuza maandazi, yanaungua."

Akacheka. Nilitamani aje anishike mkono. Nikapita.

Lameck alikuwa anageuka kila mara, "Bibi, upo?" Namjibu nipo. Nikamwambia babu anatungoja hapa kituoni, ndiko mahari inakohesabiwa. Akaamini. Akanishukuru. Saa sita tukaingia hapa na ng'ombe wa watu.

Mugeta anasema ni wizi. Kama ni wizi, andika tuliiba wawili, maana fimbo nilishika na mimi. Ila mtoto anaumwa. Nataka apelekwe hospitali, sio mahakamani. Mugeta ng'ombe wake ameshawachukua wote, hata ndama. Wangu bado mko naye ndani.

Haya ndiyo maelezo yangu, sijatia chumvi. Usinisomee harakaharaka.

Sahihi: (dole gumba la kulia)

Mimi Koplo Enoka nimemsomea shahidi maelezo haya mara mbili, amekubali ni sahihi. Mtuhumiwa atapelekwa hospitali kwa uchunguzi gari likifika. Shahidi ametakiwa kutaja ndugu watakaomsindikiza. Ametaja jina lake mwenyewe. Alipoulizwa mwingine, amesema niandike hilohilo.