Sayari Ambayo Mvua Huomba Ruhusa

Baba yangu mpendwa,

Nimekipata kitabu cha mwisho cha Kapteni Tobo. Kile ulichokitafuta kwa wauza vitabu kuukuu mjini Nakuru mpaka ukaugua, ukatuacha bila kukiona. Kilikuwa chini ya rundo la vitabu vya mitihani, jalada limechanika, lakini Kapteni Tobo yupo, na chombo chake cha angani bado kinatoa moshi.

Mama anakaa nami sasa, hapa mtaani Section 58. Nilipomwonyesha alisema, "Anza kusoma." Nikamwomba tuanzie cha kwanza, maana wewe ulitusomea kwa jinsi vilivyopatikana: cha nne kabla ya cha pili, Tobo akafa kabla hatujamjua vizuri, akafufuka mavuno yaliyofuata. Wala hatukulalamika. Unakumbuka lile ghala letu la Mau Narok? Majirani wamekuja kutusaidia kuchambua viazi, kila mtu na lugha ya kwao, nawe umekalia gunia, kitabu cha Kiingereza mkononi, unakisoma kwa Kiswahili ili wote tucheke pamoja.

Cha kwanza bado ni moto, Baba. Pale Tobo anapochungulia dirishani, anaiona dunia yote inaelea, halafu anakumbuka hakufunga mlango wa nyumba yake. Nilicheka, kisha nikairudia sentensi hiyo polepole kama ulivyokuwa ukiirudia.

Cha tatu ndicho kilichoniacha mdomo wazi. Tulikuwa tunaingojea ile sayari ambayo mvua hutuma mjumbe kuwaomba wakulima ruhusa kabla ya kunyesha. Jirani yetu Mama Chebet alicheka siku ile mpaka akamwaga karai la viazi. Nikasoma, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Hakuna. Kuna roboti wanaobishana kikaoni, sura baada ya sura, na utani uliochacha. Nikamwambia Mama labda kurasa zimeng'oka.

"Hazijatoka," akasema. "Hiyo ilikuwa ya babako. Mimi nilikuwa namwona. Kitabu ikikuwa boring alikuwa anawacha kugeuza page, lakini mdomo inaendelea tu."

Baba! Miaka yote hiyo? Nikakimbilia cha tano: yule bata hakimu hayumo. Cha sita: harusi ya ndani ya kimondo haimo. Mwandishi ana kipaji, sikatai, na alipoandika vizuri ulimwacha aongee, hukumgusa. Lakini alipochoka ulimpokea mzigo, ukaumba sayari nzima hapohapo, vumbi la viazi likiwa kwenye nyusi, na hukujisifu hata siku moja. Ukatuacha tumshangilie mzungu wa watu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima na bado nashangaa. Nilikula nawe meza moja miaka yote na sikujua ninakula na nani.

Sasa, hicho ulichokikosa. Nakwambia ukweli: ni kibovu kuliko vyote. Mafuta yanamwishia Tobo katikati ya giza, akiwa njiani kurudi kwao, anakaa kusubiri, na kitabu kinakwisha. Basi. Niliiona sentensi hiyo ya mwisho kwa macho kabla sijaisoma kwa sauti. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shuka mapajani, macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

"Na alifika kwao?" akauliza.

Amelibeba swali hilo tangu tukuzike. Nikautazama ukurasa, nikautazama uso wake. Kisha nikasema alifika. Nikamshusha Tobo Mau Narok, asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya viazi, chombo kikatua katikati ya shamba lako. Nawe ukatoka na gambuti zako miguuni, ukakitazama kile kitu kinachotoa moshi, ukamuuliza mgeni kama amekunywa chai.

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akaushika wangu.

"Usimalize haraka," akasema. "Babako akasema nini tena?"

Ni mimi binti yako, ninayejifunza kukusimulia.