Blanketi Juu ya Ubao

Mwanangu Rosalie,

Huku tunapumua. Usiku baridi inauma, mchana nzi hawatubanduki, na yule mbwa wako mwekundu amezaa chini ya gari langu bovu.

Nimepiga kambi hifadhini, pale watalii wanapopiga mahema. Wamesimamisha ubao mpya wenye uso wa kaka yangu, baba yako, na jina lake kwa herufi kubwa. Hajamaliza hata mwaka kaburini. Kwa mila yetu jina la marehemu hatulitaji wala picha yake hatuitazami, lakini wageni wanasimama naye wakipiga picha, soseji mkononi. Nimeufunika ubao kwa blanketi langu, nikauegemea.

Jana akaja Brodie, mlinzi wa hifadhi.

"Shangazi, tulitaka kumheshimu tu."

"Tangu lini nikawa shangazi yako? Mheshimuni kwa kunyamaza."

"Lakini kulala hapa ni kwa kibali."

"Babu yangu alilala hapa. Kibali alimwomba nani?"

Akakuna kichwa, akanywa chai yangu, akaaga. Alipokuwa anapanda gari akasema picha walipewa na familia, tena kwa saini.

Picha hiyo ya ubaoni, ile aliyovaa kofia ya kuchungia ng'ombe, ilikuwa moja tu, nami nilikupa wewe.

Sitakugombeza kwa barua. Njoo na bisibisi, uung'oe ubao kwa mkono wako. Mimi siondoki. Baridi ya huku unaijua, na blanketi ninalo moja. Mpaka utakapofika, atajifunika baba yako.

Shangazi yako wa damu,
Noreen